Wageni Wasiojua Kuchuna Chai

Kambini, Kericho
9 Machi 2025

Kwa Baba mkwe mpendwa, Mzee Ojwang,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi hatujambo, ila kikohozi kidogo tu, na tunatumaini wewe na Mama mko salama huko Ukwala, na goti la Mama limepoa. Naandika barua kwa sababu wewe na simu mmeshindwana, Baba. Juzi nilikuuliza habari ya mahindi ukanijibu habari ya mazishi ya jirani, tena kwa sauti ya kusikika kambi nzima. Nimempa Kebaso, kondakta wa basi la asubuhi, akukabidhi mkononi.

Jambo lenyewe ni hili. Alhamisi tulikuwa tunachuna majani kile kipande cha juu karibu na msitu, mimi na Seth, mistari yetu ikiwa jirani. Ukungu ulikuwa mzito kama kawaida ya asubuhi. Mara ndege wakanyamaza. Halafu ukungu ukafunguka juu yetu, mviringo kabisa kama mdomo wa kisima, na ndani yake kukawa na kitu kinang'aa bila kuumiza macho. Hakikuwa na mlio. Hakikutikisa hata jani moja. Watu wakasema ni droni ya kampuni, ile ndege ndogo ya kupiga picha mashamba, wakaanza kukitupia mawe, maana tangu mashine za kuchuna ziletwe kila kitu cha kampuni kinatupiwa mawe. Jiwe la Zack, mchunaji mwenzetu, lilipanda likaingia kwenye ule mwanga, na halikurudi chini. Hapo ndipo tulipokimbia.

Wote isipokuwa mwanao. Seth alisimama pale akiangalia juu mpaka ukungu ukajifunga tena. Tangu siku hiyo hali chakula vizuri. Anasema ndani mlikuwa na watu, na walikuwa wanaitazama mikono yake. Sio uso, mikono. Mimi si mwoga, unanijua, lakini hili naliogopa. Mwandikie, Baba. Mimi nikimwambia kitu anaitikia ndio, ndio, halafu anaenda kusimama mlangoni.

Ni mimi mkwe wako,
Cate


Ukwala
17 Machi 2025

Kwako Nyar Kedowa, binti wa Kedowa, mke wa mwanangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mama yako anatembea, anauliza mtamletea mjukuu lini. Mimi ni mzima isipokuwa masikio, na hayo umeshayasema wewe mwenyewe, nami sikukasirika sana.

Nilifanya kazi ya reli mpaka nikazeeka, na taa nilizoziona kwenye ukungu ni nyingi. Hiyo ni ndege ya kampuni. Jiwe la huyo Zack lilianguka mbali, nyinyi mkikimbia mngelionaje? Hata hivyo sikupenda hilo neno la mikono. Mwambie Okinyi, huyo mnayemwita Seth huko, hivi: kwetu mgeni ndiye hupiga hodi. Kitu kilichokuja bila kusalimu usikifuate kukisalimu wewe. Mwombeni nyapara wenu, yule Kipyegon, ampeleke kipande kingine. Na msiseme kanisani, maana watu wakishasema mtoto wa Ojwang amechanganyikiwa, hayo hayafutiki.

Ninamwogopea kwa sababu namjua. Huyo hawezi kuona kazi ikifanywa vibaya akanyamaza. Akiwa darasa la tatu alimsahihisha fundi aliyekuwa akituchimbia choo, akakimbizwa na koleo mpaka barabarani. Mwangalie.

Ni mimi baba mkwe wako,
Ojwang


Kambini
3 Aprili 2025

Baba,

Salamu nitazifupisha, unisamehe. Seth hayuko.

Kipyegon alikubali kumhamisha, akachuna upande wa chini bila shida. Lakini chai unaijua, majani yakichipuka tena lazima mrudi. Zamu ya kipande cha juu ikafika, watu wakawa wachache, naye akarudishwa. Asubuhi hiyo alinyoa ndevu kwa haraka akajikata kidevuni. Nilimcheka, nikambandika kipande cha gazeti damu ikauke. Ndiyo maneno yetu ya mwisho ya nyumbani, gazeti na kucheka.

Ukungu ulifunguka vile vile. Safari hii wale watu aliowaona Seth walikuwa wameshuka. Najua utakavyonifikiria, lakini Kipyegon naye aliona, alikuwa amelala kifudifudi kati ya mistari na kofia yake mdomoni. Walikuwa wafupi, wembamba kama mahindi yaliyokosa mbolea, na macho yao hayakupepesa. Hawakutuangalia. Walikuwa wanachuna chai. Tena walikuwa wanachuna vibaya, Baba, wanang'oa majani ya zamani pamoja na vijiti, wanaiharibu meza ya chai, ule usawa wa juu wa michai, ambayo Seth ameilinda miaka yote. Nilimwona ameshika ule ufito tunaoulaza juu ya michai ili tuchune usawa mmoja, uso umemkunjamana, nikajua.

Alisema, "Sio hivyo. Majani mawili na chipukizi."

Akapita katikati ya mstari, kikapu mgongoni, akamshika mkono yule wa karibu. Alimshika vile alivyonishika mimi nilipoanza kazi hapa, kidole kwa kidole, bila haraka. Ndivyo nilivyompenda, na ndivyo nilivyompoteza. Ukungu ukajifunga. Ulipopungua nilikuta kikapu chake peke yake juu ya michai, kimejaa.

Polisi waliandika, mmoja akaniuliza kama tulikuwa tumegombana. Kampuni imeambiwa ametoroka kazi. Kipyegon ndiye aliyesema hivyo, halafu akaja kwangu akalia. Njoo, Baba.

Mkwe wako,
Cate


Ukwala
14 Julai 2025

Kwako Nyar Kedowa,

Nakusalimu. Natumaini unakula, maana tulipoagana huko kambini, baada ya kumtafuta katika ule msitu wote, wewe ulikuwa umebaki macho tu. Huku hatuko salama. Mama yako haamki kitandani. Akisinzia anamwona Okinyi amesimama nje ya ua wetu, mvua inamnyeshea, anaomba kuingia. Akiamka anatutuma tukamwangalie. Tunaenda, hakuna mtu.

Kaka yangu Isaiah na wazee wengine wamekaa. Kwetu mtu aliyepotea bila mwili kupatikana hulilia mahali pa kulala. Basi huchukuliwa tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kwenye mti wake, linapelekwa pale alipopotea. Mnamwita kwa jina. Kisha lile tunda linabebwa kama yeye, linawekwa kwenye sanduku na kuzikwa mbele ya nyumba yake, na watu wanalia kama msiba mwingine wowote. Mke ndiye huita kwanza. Baada ya hapo unavaa nguo za ujane.

Sitakuficha neno. Aliyezikwa amezikwa. Hata akitokea siku moja haruhusiwi kupita lango la boma, na baba yake hapaswi kumtazama. Ndiyo maana nimewakatalia wazee tangu Aprili mpaka mate yamenikauka. Lakini Mama yako anakufa kwa ndoto hiyo. Nimeshindwa. Tutakuja Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Nisaidie kumwita.

Baba mkwe wako,
Ojwang


Kambini
19 Julai 2025

Baba,

Nakuheshimu, na Mama nampenda, mpe pole nyingi. Lakini sitamwita. Nilimwona akienda kwa miguu yake, hakufa. Nyinyi mnataka kumfungia mlango halafu mniite mimi nishike kitasa. Mkija nitawapikia chai, nitawatandikia, ila huko juu sauti yangu hamtaisikia. Na nguo nyeusi mrudi nazo.

Usinikasirikie. Au kasirika, potelea mbali, mradi usimzike.

Cate, mke wa Seth


Kambini
12 Agosti 2025

Baba yangu,

Habari ya Mama? Usome polepole.

Najua uliniona siku ile nimesimama mbali na leso yangu ya maua. Wazee walininung'unikia. Uliweka lile tunda chini, ukavua kofia, ukaita. Okinyi wuod Ojwang, mwana wa Ojwang, twende nyumbani. Kwa vile hujisikii, uliita na kuita, na Zack akasema sauti ile imefika Bomet, watu wakataka kucheka wakashindwa. Nilikuchukia siku hiyo, Baba. Mkabeba tunda lenu, mkalizika Jumamosi, mimi sikuja.

Sasa keti chini. Seth yuko hapa.

Ametokea jana kwenye kipande cha juu, mchana, mvua ikinyesha, mbele yetu sote. Kipyegon amekimbia na hajaonekana. Koti la Seth lilikuwa kavu. Kidevuni palikuwa na lile gazeti langu, na damu chini yake mbichi. Ameniuliza kama mizani ya kupimia chai imeshapita, maana kikapu chake hakioni. Kwake yeye ni asubuhi ile ile. Mkononi alikuwa na majani mawili na chipukizi, akanionyesha kama mtoto aliyeshinda mtihani.

"Wameshajua," akaniambia. "Ufito nimewaachia."

Anasema huko hakuna mbele wala nyuma, kote ni mwanga. Angebaki bila kujua amebaki, lakini akamsikia baba yake akipiga kelele kama kawaida yake, akaifuata ile sauti mpaka akakanyaga udongo.

Nimefurahi mpaka nimeugua, na bado naogopa. Hajalala. Anasimama mlangoni. Namtazama nikijiuliza kama ni yeye kweli, halafu naona aibu. Leo nimemuuliza kama wale wamemaliza. Akashangaa swali langu. Akasema, "Si hata sisi kipande kikichipuka tunarudi?" Wanataka wajifunze na kupogoa, na yeye hajui kumkatalia mwanafunzi. Baba, kile kipande kimeshachipuka. Ukisimama mlangoni unaona rangi yake.

Lazima aondoke huku kwenye ukungu. Kwetu Kedowa ni ukungu huo huo, na baba yangu Muturi ameshasema hapokei mtu ambaye yeye mwenyewe alienda kumlilia msibani. Mahali pekee penye anga safi ni kwako. Na kwako amezikwa. Najua mila inasema nini, uliniandikia mwenyewe. Naomba tu. Nijibu kwa Kebaso upesi, na kama ni hapana, iseme wazi.

Binti yako,
Cate


Ukwala
14 Agosti 2025

Cate, binti yangu,

Kebaso aliniletea barua yako jana, na leo nimemwambia angoje jibu, basi lisubiri. Abiria wananitukana, lakini kwa bahati siwasikii.

Nilimwita Isaiah na wazee nikawasomea. Wakasema huyo ni kivuli, mwenye jina hilo amelala mbele ya nyumba yake. Wakasema nikimtazama kaburi litataka mtu wa kweli, na mtu huyo nitakuwa mimi. Niliogopa, sitakudanganya. Nilikaa na barua yako mapajani nikaisoma tena. Kisha nikamsomea Mama yako, nikitarajia azimie. Aliinuka. Mwanamke ambaye hajakanyaga chini tangu Juni alishika ukuta, akatoka, akaenda mpaka kwenye ua akaushika. Akaniambia katika ndoto zote hizo mtoto hakuomba kaburi hata siku moja. Aliomba kuingia, sisi ndio tukamchimbia.

Umeniuliza kama ni yeye. Mtu ametoka wapi sijui, akauliza habari ya mizani kabla ya kuuliza habari yake mwenyewe. Nani mwingine huyo?

Basi sikiliza. Aliyezikwa hapiti lango. Sawa, hatapita. Nimechukua panga nikakata ua upande wa nyuma, pale penye mgomba, pengo la kutosha mtu na mke wake. Isaiah amesimama ananitazama, ananiuliza ni mila gani hii. Nimemwambia mila ilitaja lango, haikutaja pengo. Amekasirika na ameenda, lakini panga lake ameliacha, na ni kali kuliko langu. Kuhusu kaburi, mimi ni mzee, hilo halinipunguzii usingizi. Likitaka mtu linajua ninapokaa. Mwanangu nitamtazama.

Msingoje zamu ya kesho. Mwondoe Okinyi kesho alfajiri, apande basi hili hili akiwa amekipa mgongo kile kipande, na mkono wake usiuachilie mpaka mvuke Kisumu. Kebaso atawashusha njia panda. Mkifika msipige hodi, sitasikia. Nitakuwa nimesimama kwenye pengo tangu jua lipande, naita. Majirani wameshaambiwa wavumilie. Mwambie afuate sauti kama alivyofanya. Mara ile nilimwita nikamzike. Mara hii namwita aje ale, na Mama yako ameshateka maji ya ugali.

Baba yenu,
Ojwang