Sifungi Puli Hiyo

Osage Beach, Missouri
3 Agosti

Baba mpenzi,

Hujambo huko Arizona? Kifua kimepoa? Sisi wazima, joto tu ndilo linalotuonea.

Bwana Rusk amekuja na puli ndogo. Anataka nimfungie ili supachaja isukume hewa zaidi kwenye injini, ashinde mbio za boti hapa ziwani, na bado ajaze petroli ya kawaida ya gatini. Nimemwambia pistoni zitayeyuka. Anasema nikikataa ataondoka na boti za marafiki zake wote, tuone gereji itaishi vipi. Atakupigia. Mimi sifungi.

Binti yako,
Darla

Bullhead City, Arizona
9 Agosti

Darla mwanangu,

Salamu nyingi. Kifua ni kile kile, ila nakula vizuri.

Rusk amenipigia, kafoka weee. Mfungie bwana. Nimewafungia wengi wa aina yake. Wakiunguza injini wanarudi, tunatengeneza, tunakula. Nani anafukuza wateja msimu wa mbio? Jina lililo kwenye ubao wa gereji ni langu.

Baba yako

Osage Beach
14 Agosti

Baba,

Natumai umeamka salama.

Rusk ameondoka na wenzake wamemfuata. Gereji ya ng'ambo imemfungia. Mimi nimebaki na kiboti kimoja cha kuvulia samaki. Nilimwambia anunue petroli ya mashindano, na aache oili ipate moto kabla ya kusukuma wenzo wa kasi mpaka mwisho. Akasema naendesha kama bibi kizee. Acha acheke. Kama lazima injini za watu zife ndipo tule, njoo uling'oe jina lako.

Binti yako

Bullhead City
25 Agosti

Darla,

U mzima? Nilinuna, ndiyo maana kimya.

Rusk ameshinda. Kanitumia picha ya kikombe, na ya plagi ya injini, anauliza mbona kwenye kauri yake nyeupe pana vipunje vinavyong'aa. Unajua ni nini: ni madini ya pistoni. Pistoni zimeanza kuyeyuka. Nikampigia asiwashe tena. Akasema nimeambukizwa wivu wako, akakata simu. Jumamosi anapakia wajukuu. Injini ikikwama kwa mwendo ule, boti inapinduka. Naogopa, mwanangu. Fanya utakavyoona.

Baba yako

Osage Beach
Jumamosi, 30 Agosti

Baba,

Habari za asubuhi? Barua yako imefika jana.

Nakuandikia nimekaa juu ya kifuniko cha injini ya Rusk, gatini kwake. Plagi zote nimezifungua, ziko mfukoni. Mama wa watoto nimemwonyesha vile vipunje. Amewavua wanawe majaketi ya kuokolea maisha na kuwarudisha nyumbani. Rusk anafoka kwamba amemwita sherifu, mkuu wa polisi wa hapa, na yuko njiani. Aje.

Akikupigia, usimwombe radhi kwa niaba yangu.

Binti yako,
Darla