Vyumba Viwili Upande wa Kanisani

Dada Leonia,

Kamwene. Wanao walichukuliwa. Usishtuke, wamerudi. Lakini nisipokuambia wewe, nitamwambia nani?

Tulipotoka kukuzika Uwemba niliwaleta Sabina na Festo huku Makambako, kwenye kile chumba changu nyuma ya gesti. Ulifika mara moja tu, ukasema, "Anjela, hapa hata kuku nisingefuga." Tukacheka. Sikuwa na pengine, dada. Malori yanaegesha mbele, kilabu cha pombe ya ulanzi kipo ng'ambo, na mlango wangu nilikuwa naufunga kwa kamba. Siku moja nikiwa sokoni na viazi vyangu, mlevi akaingia. Festo akapiga kelele, Sabina akamrushia sufuria ya maharage ya moto, jamaa akatimua mbio. Hakuwagusa, namshukuru Mungu. Sabina akamweleza mwalimu wake, na mwalimu akampigia simu afisa ustawi wa jamii.

Afisa mwenyewe, mama mmoja, alikuja mchana. Akautazama mlango, akakitazama kitanda kimoja tulicholalia wote watatu. Akaniambia kwa upole, "Sisemi kwamba huwapendi. Hapa hawako salama." Akawapeleka makao ya watoto, Njombe. Festo alining'ang'ania sketi mpaka ikachanika. Sabina hakulia. Alinitazama tu, kama vile mimi ndiye niliyemwita yule mama.

Nilikaa chini palepale barabarani. Nilishasikia habari za watoto wanaopewa watu wengine wawalee. Nikajua nimewapoteza, na udongo wa kaburi lako bado mbichi.

Afisa alisema watarudi nikipata mahali pa maana pa kukaa. Alisema ofisi yao na parokia huwasaidia watu kama sisi kodi ya nyumba, mpaka wasimame wenyewe. Sikumwamini. Nilidhani ni maneno ya kunituliza. Hata hivyo nilikwenda, nikarudi tena na tena, na kila nilipoingia ofisini kwake niliwaza: leo ataniambia wameshapata mlezi mwingine.

Hakusema hivyo. Walinipatia vyumba viwili kwa mjane mmoja upande wa kanisani. Bati zima, mlango wa mbao una komeo. Siku ya kukaguliwa nilifagia mpaka njia ya jirani. Jasho lilinitoka na baridi yote ile. Afisa akausukuma mlango kwa bega, haukutikisika. Akaingia, akaketi kwenye kitanda nilichomwandalia Sabina. Nilikuita kwa jina, moyoni. Ndipo akasema, "Kesho njoo uwachukue."

Niliwachukua. Sabina sasa anazungumza nami, kidogo kidogo. Festo ndiye ananitisha. Siku ile ya kwanza alishinda na viatu ndani ya nyumba. Nikamwambia, "Vua, baba, umefika nyumbani." Akanijibu, "Mama mdogo, wakija tena nitachelewa kuvivaa."

Nikavaa vyangu, nikakaa naye. Sabina akatutazama, akaenda kuvaa vyake. Tukala ugali hivyo, watatu, na viatu miguuni.

Msaada wa kodi utakoma mahindi yakishavunwa. Afisa bado anapita na pikipiki kutuona. Pikipiki ikisimama nje, sote tunaacha tulichokuwa tunafanya. Nauza viazi, asubuhi nafua nguo za wageni wa gesti, na bado naamka na hofu kwamba haitatosha.

Siwezi kukuahidi kwamba sitaogopa tena. Ila hili naliahidi: pakitokea wa kuwachukua, atanikuta nimeshikana nao mikono, na popote watakapopelekwa nitafuata, nibishe hodi hapo mpaka nipewe. Mimi ndiye nyumbani kwao sasa.

Pumzika, dada yangu. Watoto wamekula.

Mdogo wako,
Anjela