Kuhusu Sungura Wako, na Kuhusu Emmanuella

Kampemba, Lubumbashi
Tarehe 18 Julai 1993

Mpendwa yaya Jeanne, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na shemeji Kazadi na mtoto mchanga ambaye bado hatujamwona. Je, mmepata mahali penye paa hapo Mwene-Ditu, au bado mnalala karibu na stesheni? Na homa yako imeshuka? Kalaba wa reli alituambia kwamba ulijifungua salama, ila huwezi kusimama muda mrefu. Tangu siku hiyo Mama anakutaja katika kila sala, hata ile ya kubariki chakula.

Sisi tunapumua. Miguu ya Mama inamsumbua, maana baridi ya mwezi huu wa saba imekuwa kali na asubuhi maji ya ndoo yanauma mikono. Emmanuella wako alipona surua kabisa, ngozi imerudi kuwa laini. Habari zake nyingine nitakueleza mbele. Nivumilie, yaya, siwezi kuziandika kwa haraka.

Kazini bado naenda. Magari yanayovuka Kasumbalesa yamepungua, na sisi tunaoandika hati zake za forodha tunakaa tu tukisikiliza redio. Meza za wenzetu wa Kasai, waliofukuzwa kama ninyi, ziko wazi, hakuna anayezigusa. Juzi mmoja aliniuliza kwa kicheko kama ni kweli nalea mtoto wa "watu wa kule". Nilijibu kwamba ni mtoto wa dada yangu, nikainamia karatasi.

Sasa sungura wako. Dume na yule jike mweusi waliibwa wakati watu waliporuka ukuta kutafuta vitu vya shemeji. Alibaki jike mweupe, naye amezaa. Alijinyonyoa manyoya ya tumbo akatandika sandukuni kama ulivyokuwa ukitueleza. Emmanuella alipoyaona alicheka, mara ya kwanza tangu treni yenu iondoke.

Jumatano asubuhi nilikuta mtoto mmoja wa sungura nje ya sanduku, kwenye sementi ya kibanda. Hakuwa na manyoya bado. Alikuwa baridi kama jiwe, akifungua mdomo kidogo na kuufunga. Nilidhani ni mgonjwa. Nilitamani ungekuwa karibu nikuulize tu kutoka dirishani. Nikajiambia: nikimrudisha ataambukiza wenzake. Tena nikajiambia kwamba nikimgusa, mama yake atasikia harufu ya mtu na kumkataa. Sikumbuki ni nani aliyenifundisha hivyo. Labda ilikuwa habari ya ndege. Nikaamua kungoja mama yake amchukue kwa shingo, kama paka wafanyavyo.

Emmanuella alikuwa amesimama nyuma ya mjomba wake huyu.

"Tonton, umurudishe."

"Tungojee. Mama yake atamukamata."

"Hajue kubeba," akasema. "Mama alikuwa anabarudishaka na mukono. Kwanza anabapasha moto hapa," akajigusa kifua, "kisha anabarudisha."

"Iko mugonjwa, Ema. Usiiguse."

Jirani yetu Mwansa alikuwa akitusikiliza juu ya ukuta, mswaki mdomoni. "Hata sungura ya Bakasai unaifanyia mukutano?" akasema. "Wewe karani, si umuandikie laissez-passer, karatasi ya kupita, arudi kwabo?"

Yaya, nilicheka naye. Nilicheka kwa sababu niliogopa kutocheka. Kisha nikachukua koti langu nikaenda kazini.

Mtoto wako ni mtiifu, na hilo ndilo linaloniumiza. Mama anasema alikaa mbele ya kibanda asubuhi nzima, mikono ameikunja kwapani ili asishawishike kumgusa. Sungura mweupe alitoka kula matembele, akapita karibu na yule mdogo, akamnusa, akarudi sandukuni. Baadaye akatoka tena, akamnusa tena. Hakuwa amemchukia. Hana namna ya kumbeba, basi. Mwishowe Mama alikuja na fimbo yake, akamwokota, akamfunga ndani ya kitenge karibu na jiko la mbabula lenye makaa ya moto. Niliporudi adhuhuri alikuwa amekwisha kufa.

Emmanuella hakulia. Aliniambia tu, "Haikuwa mugonjwa, tonton. Ilikuwa tu na baridi."

Niliingiza mkono sandukuni nikawagusa wale wengine wote. Walikuwa na joto, matumbo yamejaa, hakuna hata mmoja mwenye ugonjwa. Na mama yao akawanyonyesha kama kawaida, na harufu yangu juu yao.

Ndiyo maana sasa nakuandikia zile habari nyingine. Emmanuella hali chakula. Bukari inapoa mbele yake, anafinyanga tonge moja na kulirudisha sahanini. Tulimpeleka zahanati, wakampima, hawakuona kitu. Kila asubuhi anavaa viatu kabla hata ya kunawa uso, anaketi kizingitini akitazama barabara. Sisi tunapita na kumwambia: mama yako atakuja kukuchukua.

Ulipomwacha kwetu ulifanya vema. Mtoto mwenye surua hawezi kupanda behewa lisilo na paa, hilo tulikubaliana sote. Kalaba alipoleta neno lako, "Mwacheni, nitakuja mwenyewe," Mama alifurahi, nami nilifurahi, kwa kuwa halikututaka kufanya lolote. Lakini una kichanga mgongoni na homa mwilini, na njia imejaa watu wanaokwenda upande mmoja tu. Huwezi kuja, yaya. Tulijua, na bado tuliendelea kumwambia mtoto angoje.

Nimeomba ruhusa kazini. Mkuu wangu alisema anayeondoka siku hizi asitegemee kukuta kiti chake. Nilimshukuru, nikamwachia funguo za kabati. Kalaba ndiye anayekuletea barua hii, na akirudi ametuahidi, mimi na Emmanuella, nafasi katika behewa la wafanyakazi wa reli tuje kwenu. Brigitte, binti wa mama mdogo, atahamia hapa amtunze Mama pamoja na sungura. Nimemwonyesha kibanda, nikamwambia akikuta mdogo yeyote nje asingoje.

Sitakuficha, naogopa. Naogopa vijana wanaouliza watu majina stesheni, na huko kwenu naogopa watakaolisikia langu la Katanga. Nimekwisha kufunga mzigo mara mbili na kuufungua. Emmanuella haufungui wake.

Mama anakukumbatia. Brigitte anakusalimu, na baba Mutale wa kwaya anauliza habari zako kila Jumapili. Tubusie kichanga, na umpe shemeji mkono wangu. Mungu awafunike nyote mahali hapo mlipo, awape usingizi na maji safi.

Nakuomba jambo moja. Usijaribu kuja, wala usitoke kututafuta njiani. Wewe kaa hapo hapo upate nguvu. Mimi nitambeba.

Mdogo wako akupendaye,
Faustin