Spika za Mbao za Kabati

Mamelodi,
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Hatujambo, ila tumechoka. Mchicha wako umeota tena, nami nimefanya vizuri katika fizikia. Baba amemaliza spika zake. Leo Mzee Kgabo alikuja na wenzake wa kikundi cha jazi kuzisikiliza, akacheka: "Seroka, hizo ni spika au majeneza?"

"Keti usikie, bwana," Baba akajibu.

Akaweka ile kanda yako ya kwaya. Mama, sauti yako ilikuwa nyembamba, imetawanyika, haijulikani inatoka wapi. Wageni walipokwenda, Baba aliinamisha kichwa. "Nimekata kabati la mke wangu kwa ajili ya takataka hii. Wala sikumwuliza."

Sijawahi kumsikia akikiri hivyo tangu ulipolikuta limekatwa ukaondoka kwenda kwa mama mdogo.

Nikakumbuka somo la umeme. Nyuma ya spika moja nyaya zilikuwa zimeunganishwa kinyume, nikazibadilisha. Ukaimba tena, na safari hii ulikuwa katikati kabisa ya spika mbili, pale penye kiti chako. Baba aliinuka, akaondoa koti lake juu ya kiti hicho.

Kabati halirudi, najua, na sijui kama wewe utarudi. Lakini mlango wake wenye kioo hakuukata. Ameuegemeza ukutani, upande wako wa kitanda, na kila asubuhi anaufuta vumbi.

Mwanao akupendaye,
Mapula