Neno la Jeki

Jumatatu, 3 Machi

Nimekama, nimepika chai, nimempelekea mbwa wetu Jeki ugali bandani. Hakutoka. Alijibana kwenye kona, mkia chini ya tumbo, akawa ananitazama tu.

Jana alimuuma mguu Mzee Njogu, jirani yetu. Mzee alikuwa ameinua fimbo kunisalimia. Kidonda si kikubwa, hospitalini wameshamdunga sindano, na Jeki amechanjwa. Lakini Njogu ni mzee wa kanisa. Dundori nzima imesikia.

Mume wangu Karis alipiga simu kutoka Elburgon, anakofanya kazi ya mbao. "Huyo ni wa kudungwa alale moja kwa moja. Hakuna ingine." Karis huyo huyo ndiye aliyemchapa tangu akiwa mdogo, ati ndio awe mkali. Si amekuwa mkali? Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Jumanne, 4 Machi

Daktari wa mifugo alikuja kuona ndama. Msichana mdogo, gumbuti kubwa miguuni. Nikamwuliza juu ya Jeki, kwa aibu. Alichuchumaa mbali na banda, uso ameugeuza pembeni. Alisema Jeki si mkali, ni mwoga. Fimbo ikiinuka anajua kinachofuata, kwa hivyo anawahi yeye. Ukimchapa kwa kuogopa, umemwongezea sababu ya kuogopa.

Dawa yake ni vipande vya nyama. Akifanya vizuri, sema neno moja fupi papo hapo, kisha mpe. Neno liwe la kazi hiyo peke yake. Wageni wakae mbali, pale ambapo bado anaweza kula. Akikataa nyama, ujue umemsogeza karibu mno.

Karis amekubali tungoje hadi Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili. Siku hiyo maombi ya nyumbani ni kwetu. Jeki akitisha mgeni hata mmoja, Jumatatu yake ni sindano. Nimeshukuru. Ningeweza kukosa hata hizo siku.

Ijumaa, 7 Machi

Neno nililochagua ni "asante". Limo mdomoni mwangu tayari.

Nachemsha mapafu ya ng'ombe, nakata vidogo. Akiketi: asante, kipande. Akinitazama: asante, kipande. Leo alikula mkononi mwangu. Ulimi wa moto. Nikalia pale pale kwenye matope, mjinga mimi.

Jumatano, 12 Machi

Nimekoroga mambo.

Wateja wa maziwa huja langoni asubuhi. Kila mmoja akishikishwa chupa yake, anasema nini? Asante. Jeki nimemfunga kamba mbali, kando ya tangi la maji. Akisikia tu, masikio juu, ananigeukia anadai. Daktari alisema neno la kazi moja. Mimi nimechukua neno linalosemwa na kila mtu kabla jua halijapanda. Lakini nilishamwahidi. Mteja anashukuru, mimi nakimbia na kipande. Mtu wa bodaboda ameniuliza, "Mathe, kwani huyo ndiye amekuandika kazi?"

Jumapili, 16 Machi

Nilimwambia daktari kwa simu. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema niache hivyo hivyo. Sauti za wageni sasa zinamletea nyama. Sikuwa nimeliona hilo, na ni kweli. Kamba nimeisogeza karibu na lango kidogo kidogo na bado anakula.

Ila jana mama mmoja alikunja mwavuli akaushika kama rungu. Jeki akatetemeka. Nyama ikaanguka mbele yake, hakuitazama. Nikamrudisha kwenye tangi. Kitu chochote kirefu mkononi mwa mtu bado kinamshinda.

Ijumaa, 21 Machi

Karis amefika. Hakupitia bandani.

Mzee Njogu ndiye atakayeomba kesho. Na fimbo yake. Nitamfungia Jeki bandani, na komeo nimelijaribu mara mbili. Naogopa. Si kwa ajili ya mbwa tu. Nimechoka kuishi katika boma ambamo kila kitu hunyooshwa kwa kiboko.

Jumamosi, 22 Machi

Wageni wamekwenda.

Komeo lilishika. Mbao za chini ndizo zilizooza kwa mvua. Jeki alizisukuma akatoka. Sisi tuko sebuleni, mlango wazi, macho yamefungwa. Mimi nimesimama na bakuli la nyama ya wageni. Nikafungua macho, nikamwona mlangoni. Manyoya ya shingo yamesimama. Mbele yake Mzee Njogu akiomba, fimbo juu hewani. Karis naye alikuwa amemwona.

"Asante Baba!"

Masikio yakageuka. Jeki akanitafuta kwa macho. Nikamrushia kipande.

"Asante kwa mvua!"

Kipande. Akaketi.

Mzee Njogu huomba kirefu. Alishukuru kwa viazi, kwa barabara, kwa mguu wake kupona. Sijawahi kuupenda urefu wa maombi yake kama leo. Nilipita kando ya ukuta polepole, narusha, nikatoka nje, Jeki akanifuata mpaka stoo. Nikamfungia ndani na bakuli lote.

Niliporudi walikuwa wamesema amina. Mzee alikuwa amefungua macho mapema, akatuona tukitoka. "Kwani huyu naye ameokoka?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikaketi. Wageni walikula chapati na mchuzi mtupu, na hakuna aliyelalamika. Mungu awabariki wote.

Karis peke yake hakucheka.

Jumatatu, 24 Machi

Asubuhi Karis alimpigia daktari kabla ya chai. Nilisikia nikiwa jikoni. Alimwambia asije na ile sindano. Halafu akauliza mapafu huchemshwa kwa muda gani. Nikabaki nimeshika sufuria.

Jua limetoka baada ya mvua. Jeki amelala katikati ya njia, tumbo juu, miguu imelegea. Sijawahi kumwona akilala mchana nje. Karis alitokea na jembe begani, akielekea shambani. Akasimama. Akalishusha jembe polepole, akazunguka mbali, kupitia kwenye matope. Jeki alifungua jicho moja, akalifunga.