Siku Tatu Bila Salamu, kwa Ajili ya Jurawa

Jumamosi, Bagara, hapa Babati. Baridi kali, upepo haujatulia tangu jana, na mimi nina aibu.

Sijui nianzie wapi. Basi nianze na sinia.

Tangu nistaafu ualimu nimetundika sinia la zamani kwenye mpera ulio mbele ya nyumba. Kila asubuhi naweka mtama, nakaa kibarazani na daftari, nahesabu ndege wanaokuja kula. Saa moja kamili hadi saa moja na robo, bila kusema neno. Ukifungua mdomo tu, jurawa wote wanaruka, mnana wanawafuata, na hesabu imeharibika.

Shida ni kwamba saa moja ndiyo saa ambayo Bagara nzima inapita getini kwangu kwenda sokoni.

Jumatatu alipita Mama Neema, jirani yangu na rafiki yangu wa kwanza tangu nihamie Babati. "Mama Happy, umeamkaje?" Nilikuwa nimefika kumi na mbili. Nikanyamaza. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano nikaona nimfanyie ustaarabu, nikamwinulia kidole, nikimaanisha asubiri kidogo. Huku midomo inacheza: kumi na tatu, kumi na nne.

Hebu fikiria. Mtu hajibu salamu, amekukodolea macho, anakuinulia kidole na kunong'ona!

Alhamisi hakupita. Ijumaa hakupita. Na mimi, bila haya, nikaandika daftarini: "Utulivu mzuri. Ndege ishirini na sita."

Leo nimefunga daftari tu, nasikia hodi. Ni Mama Neema, na nyuma yake mwenyekiti wa jumuiya yetu na kina mama wawili wameshika Biblia, nyuso kama za msibani. Nikawakaribisha, nikawawekea chai na mkate. Hakuna aliyegusa kitu.

Mwenyekiti akasema wamekuja kupatanisha. Kabla sijauliza kupatanisha nani na nani, Mama Neema akaanza kulia. "Dada yangu, najua umesikia. Ni kweli nilisema. Kwenye kipaimara cha mjukuu wako niliwaambia watu pilau yako ilikuwa mbichi. Nisamehe."

Jamani! Nilikuwa sijasikia chochote!

Pilau yangu? Ile niliyoisimamia mwenyewe, moshi umenijaa machoni? Hasira ikanipanda. Halafu nikaona watu wanne wananitazama. Ama niseme ukweli, kwamba mimi, mwalimu mkuu mstaafu, nimemnyima rafiki yangu salamu kwa sababu ya jurawa. Ama niwe mtu aliyekosewa.

Nikawa mtu aliyekosewa.

Nikashusha pumzi ndefu. "Liliniuma sana," nikasema, "lakini nimekusamehe." Tukakumbatiana. Kina mama wakapiga vigelegele. Mwenyekiti akasali sala ndefu, akimshukuru Mungu kwa moyo wangu mkubwa. Kisha wakanywa chai yote na kumaliza mkate.

Walipoondoka nikajiona mwizi. Mwenzangu amelia mbele za watu, amejidhalilisha, kumbe mimi ndiye niliyemkosea. Na kusema kweli niliogopa. Siku akijua kutoka kwa mtu mwingine, huyu simpati tena, na sina mwingine wa kunijua hivi.

Chakula cha mchana nikakifunika. Nikavaa sweta, nikaenda kwake. Nikamkuta anachambua maharage. Nikamweleza yote, sinia, daftari, kidole. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na hilo lilinitisha zaidi.

"Kwa hiyo habari ya pilau hukuisikia?"

"Sikuisikia."

"Na kununa hukununa?"

"Sikununa. Nilikuwa nahesabu."

Akaguna, akasukuma ungo pembeni.

"Mimi nimekosa usingizi siku tatu, Mama Happy. Nimeita mpaka mwenyekiti. Kumbe ni ndege!" Akanitazama juu mpaka chini. "Basi nirudishie samahani yangu. Maana ile pilau ilikuwa mbichi kweli."

Nimemrudishia. Ningefanyaje? Kisha nikaomba ya kwangu, kwa salamu zote tatu, na kwa vigelegele ambavyo havikuwa haki yangu.

Amesema atafikiria. Jibu atanipa kesho baada ya ibada, mbele ya mwenyekiti.