Chakula cha Mwisho Kilichoshuka

S.L.P. 46,
Kanyangi, Kitui.
14 Septemba 2025.

Mpendwa kaka Kyule,

Nakusalimu sana, wewe na wenzako huko Doha. Joto limepungua kidogo? Sisi tuko salama. Mbaazi tumevuna, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Kaka, kuna jambo tulikuficha, unisamehe. Mama alinikataza kukwambia kwa simu, akiogopa utaacha kazi urudi. Sasa ameniruhusu, ndiyo maana nimempa Yvonne, anayerudi huko kazini, barua hii akuletee.

Tangu tumzike Baba mwezi wa tatu, Mama alikuwa hawezi kumeza. Njaa alikuwa anasikia. Anapika muthokoi wa mahindi na maharagwe, anaketi, anatia kijiko mdomoni, halafu koo linajifunga, anatema. Alibaki kwa chai na uji mwepesi. Kufikia Julai nguo zote zilikuwa zinampwaya. Majirani walisema amerogwa. Kanisani tulifunga na kuomba. Hospitalini walimpitishia kamera kooni, wakasema hakuna kidonda wala uvimbe. Mama akalia, akidhani wanamwona mwongo.

Nesi mmoja, Mutindi, alimshika mkono. "Mama, hakuna anayesema unadanganya. Koo linajifunga kweli. Hebu niambie, chakula cha mwisho kushuka vizuri kilikuwa kipi?"

Mama akasema, "Chapati."

Mimi sikuwa najua. Siku ile Baba alipofariki, Mama alikuwa amemwacha wodini akaenda kantini. Aliporudi, wameshamfunika shuka. "Mume wangu anakata roho, na mimi natafuna," alisema.

Mutindi alitueleza kwamba mtu anaweza kujihukumu ndani kwa ndani bila kujua, na mwili ukatii hukumu hiyo. Alimpa Mama siku za kurudi wazungumze.

Njiani nikamkumbuka Jamal, mfanyabiashara wa mbuzi aliyelazwa kitanda cha pili kando ya Baba na mguu uliovunjika. Siku ya soko nikachukua bodaboda mpaka Ikutha. Nilimpata akitembea kwa mkongojo. Nilipomweleza, alishangaa sana. "Kumbe Mama hakuambiwa? Haya maneno siwezi kukutuma nayo. Nitakuja mwenyewe. Maneno ya marehemu ni amana."

Alikuja Jumamosi. Hata chai hakungoja.

"Mama Kyule," alisema, "ulipotoka tu, mzee alinigeukia. Akaniambia, 'Huyu hajala tangu jana. Nimembembeleza mpaka amekubali. Sikutaka anione nikienda.' Halafu akafumba macho, ametulia kabisa."

Mama alijifunika uso kwa leso, akalia mpaka Jamal naye akaanza kupangusa macho. Jioni alikula vijiko vinne. Nilihesabu nikijifanya nafagia.

Sikudanganyi kwamba yameisha. Kuna siku koo linakataa tena, tunaliacha, anajaribu kesho yake. Kwa Mutindi bado anaenda. Lakini mashavu yamerudi, na juzi alinigombeza kwamba nimetia chumvi nyingi. Nilifurahi ajabu.

Sasa wewe. Yvonne ameniambia kifua kinakubana tangu mazishi, na daktari wa huko haoni kitu. Tafadhali rudi akupime tena, usipuuze. Lakini kama unajilaumu kwa kukosa kumzika Baba, sikiliza. Ruhusa ulinyimwa, sote tunajua. Na kuna kitu sikuwahi kukwambia, kwa sababu kila nikianza sauti inakatika. Pale kaburini nilitupa udongo mara mbili. Mara ya pili nilitaja jina lako kwa sauti, watu wote wakasikia. Ulikuwepo, kaka.

Shangazi Syombua anakusalimu, na Kilonzo mdogo wetu pia. Mama anasema Mungu akulinde ukilala na ukiamka, na ule vizuri.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Mbithe